Mama wa Jilore Aliyajua Macho Yangu

Malindi, wakati wa masika

Kwa mdogo wangu mpenzi Nekesa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku pwani. Kifua cha Baba kimepoa? Na Mama, bado anakwenda kuchuma chai na mguu ule? Mimi nipo. Juma lililopita nililazwa wodini, lakini sasa nimeshika kalamu, basi usishtuke.

Ni sikoseli ile ile, ugonjwa wangu wa damu. Najua huko kambini kwa wachuma chai wanasema Nafula aliponea pwani. Kweli baridi ya Kericho ilikuwa ikinivunja mifupa, na joto la huku limenipa nafuu. Ila kupona sijapona. Nikishinda kwenye cherehani nikishona mapazia ya hoteli, nikasahau kunywa maji, magoti yanawaka moto. Malaria ikinigusa, damu inaisha na macho yanakuwa manjano kama binzari. Bi Zuhura, mwenye duka, huniambia, "Nenda kalale mwanangu, kazi haikimbii." Nami nikilala nawaza: huyu akinichoka, niende wapi? Kwetu baridi inaningoja.

Unamkumbuka Kazungu, seremala niliyekuandikia habari zake? Alinipeleka kwao Jilore nikaonane na mama yake. Mvua ilitunyeshea njiani. Tulipomaliza kula sima na kuku, maumivu yakanishika miguu na mgongo. Niliuma leso nisipige kelele. Yule mama akanilaza kitandani mwake, akachemsha maji, akanikanda kama aliyenizaa. Kisha akanifunua kope, akatazama.

"Haya yalikuanza lini?"

"Tangu utotoni, mama."

"Vidole vilikuwa vikivimba?"

"Ndiyo."

Akaketi chini. "Nilizaa watatu kabla ya Kazungu. Wote walivimba vidole, wote walikuwa na macho haya. Watu wakasema nimerogwa."

Nikamweleza nilivyoelezwa hospitali, kwamba si uchawi, ni damu, na mtoto huugua akirithi kwa baba na kwa mama, wote wawili.

"Kumbe ni sisi wenyewe," akasema. "Mimi na marehemu mume wangu."

Akalia, nami sikuwa na nguvu ya kumshika mkono. Alipojifuta uso akaniambia, "Mwanangu, nimekupenda. Lakini nimezika watatu. Wa nne simuwezi, awe wako au awe wewe."

Tuliporudi mjini Kazungu akapimwa damu. Haugui, lakini mbegu ya ugonjwa huu anayo. Tabibu akatuambia kila mimba yetu itakuwa kama kurusha shilingi juu: huenda mtoto akaugua, huenda asiugue. Kazungu anasema tuoane tusizae. Ni mwana pekee aliyebaki, Nekesa. Nikikubali, nimemnyima mama yule wajukuu. Nikikataa, nimemfukuza mtu ambaye wodini alilala sakafuni kando ya kitanda changu. Kila jioni anapita dukani, ananitazama tu, haulizi. Sijamjibu. Najihisi kama niliyefungiwa chumba chenye milango miwili, na nyuma ya kila mlango kuna mtu analia.

Sasa nasikia nawe umechumbiwa. Nimefurahi, Mungu anajua. Hujawahi kuugua kama mimi, lakini na Kazungu pia hajawahi. Nakuomba, kabla mahari hayajapokelewa, nendeni mkapimwe, wewe na yeye. Akicheka, mwambie ni dada yako aliyetaka. Mimi nilijua wakati moyo umekwisha kuhamia kwa Kazungu.

Nisalimie Baba, na shangazi anayetuombea kila Jumapili. Mwambie mdogo wetu Wafula anywe maziwa ya Nyayo anayopewa shuleni, asiyagawe. Jirani yetu mkunga naye usimsahau.

Mama msomee salamu tu. Habari za Jilore usimsomee. Ataanza kutafuta alipokosea, na hakukosea popote.

Dada yako anayekupenda,
Nafula