Mruhusu Dorika Ale

Misigiri, Iramba
14 Novemba 1949

Mpendwa kaka Melkiori,

Shikamoo. Habari za huko kwenye mkonge, na kile kifua chako kimepona? Sisi tunapumua tu. Mvua hakuna, uwele umekaukia shambani, lakini si hilo lililonikalisha niandike.

Kaka, mwanao Dorika anakwisha. Ulipomwacha kwetu baada ya kumzika mkeo alikuwa mzima, anafukuza kuku uani. Sasa anaharisha, wiki ya pili hii, na Mama amemnyima chakula. Unamjua Mama. Anasema tumbo linaloharisha liachwe tupu likauke, ukililisha unalichochea. Anampa maji ya mizizi, basi. Ndivyo alivyotulea sisi.

Juzi nilimbeba mgongoni hadi zahanati ya misheni. Sista alimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Akanieleza kwamba utumbo una ngozi laini kwa ndani, na ugonjwa huichubua kama goti la mtoto aliyeanguka. Kinachoiponya ni chakula chenyewe kinapopita pale: maziwa mgando, uji mwepesi, karanga zilizotwangwa, kidogo kidogo, hata kama bado anaharisha. Ukiunyima utumbo unazidi kuchubuka, mpaka siku ukiupa chakula hauwezi tena kukipokea. Kaka, naiogopa siku hiyo, na naona inakuja.

Nilirudi nikapika uji. Dorika alilishika bakuli kwa mikono yote miwili. Mama akamnyang'anya, akawamwagia kuku, halafu akakaa chini akalia. Usidhani hana huruma. Ugali wake mwenyewe anaupunguza, eti amwekee mjukuu akipona.

Nimembishia hadi sauti imenikauka. Anasema mwenye nyumba hii tangu Baba afariki ni wewe, na wewe ndiye wa kusema. Mimi na Isaka mdogo wetu kwake ni watoto tu. Akienda kuchota maji nampa Dorika vijiko vya uji kwa siri, lakini Mama hurudi akamnusa mdomo. Sasa hatoki tena, maji anamtuma Dorkas, mke wa Isaka.

Nakusihi, usijibu kwa barua, itachelewa. Peleka telegramu posta ya Singida, neno moja tu: ALISHWE. Isaka ndiye anayeipeleka barua hii posta, na atangoja huko huko mpaka jibu lifike. Mama hatalipinga neno lako.

Dorkas wa Isaka anakusalimu. Baba mkubwa Gabrieli naye anakuulizia kila Jumapili. Mungu akulinde huko ugenini, na barua hii aifikishe upesi.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Rahabu

Kaka, ukisikia kwamba umechelewa, lilete neno hilo hivyo hivyo. Mtoto wa Isaka ameanza kuharisha leo asubuhi, na Mama ameshabandika mizizi jikoni.