Jina Langu Litabaki Ukutani

S.L.P. 73,
Wundanyi.
14 Oktoba 2024

Mpendwa Kaka Ronald,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani. Wifi Branice hajambo? Na binti yenu Shanice, ule mguu wake ulipona vizuri? Sisi tu wazima. Mama bado anapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono, na ukimshika anakasirika. Mvua za vuli zimechelewa, lakini mahindi tumeshayapanda kwenye udongo mkavu. Zitanyesha tu.

Sasa nikujibu. Shangazi Peris alikupigia simu kukwambia kwamba nimebandika karatasi kwenye ukuta wa soko, ina namba yangu na maneno haya: "Unataka kuacha pombe? Njoo Alhamisi saa kumi, ukumbi wa kanisa. Mwulize Mwalimu Wakio, naye alikuwa mlevi." Ukaniandikia niitoe kabla ya Jumapili, eti ninachafua jina la marehemu baba. Kaka, Jumapili imepita na karatasi iko pale pale. Sitaitoa.

Nakuheshimu kama mkubwa wangu, lakini kuna mambo hukuyaona.

Mwezi wa tatu mwaka jana nilianguka mbele ya darasa la tano. Nyumbani mlisema ni presha. Watoto hawakudanganyika, walikuwa wameinusa chupa yangu ya chai siku nyingi. Mwalimu mkuu alinipa barua ya onyo, akaniambia ya pili haitakuwa onyo.

Nikaanza kutafuta msaada. Unajua ilinichukua muda gani? Miezi miwili. Huku mtoto wa miaka sita atakuonyesha kila nyumba inayouza chang'aa kuanzia hapa mpaka Mwatate. Lakini uliza mahali watu wanapokutana ili waache, kila mtu anatazama chini. Daktari mmoja aliniambia niende Mombasa. Mama mmoja wa kanisani aliniambia nifunge siku tatu. Nilifunga. Siku ya nne nikanywa. Shangazi naye akasema kama ni lazima, basi niende mbali ambako hakuna anayetujua.

Mwishowe jirani yetu mmoja, dereva wa lori, alininong'oneza kwamba Voi kuna kikundi, kila Jumamosi, katika darasa la nasari nyuma ya stesheni. Nikashuka Voi. Nilipita mbele ya mlango ule mara tatu, mkoba nimeukumbatia kifuani, kama mtu anayetafuta choo. Mara ya nne akatoka mzee aliyekuwa akipanga viti. Anaitwa Omolo, alistaafu reli, na alikuwa hajagusa pombe kwa miaka kumi na mmoja.

"Mama, umepotea au umefika?" akaniuliza.

"Sijui," nikamwambia.

"Basi kafikirie ukiwa ndani. Hapa nje jua ni kali."

Nikakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu. Walikuwa wanaume tisa, wengi wao wa mashamba ya mkonge, na mwanamke ni mimi tu. Mmoja akauliza kwa upole kama nimemfuata mume wangu. Nikasimama. "Sijamfuata mtu. Mlevi ni mimi." Kaka, sikuwa nimewahi kulitamka neno hilo kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Omolo alinimiminia chai, mkutano ukaendelea.

Tangu siku hiyo sijaonja hata tone. Ni miezi kumi na saba sasa.

Lakini wako wasio na miezi miwili ya kutafuta. Ndiyo sababu nikaandika jina langu, tena kwa kalamu nene. Mtu anayetetemeka asubuhi hataulizia kitu kilichofichwa. Anahitaji jina na mlango.

Alhamisi ya kwanza nilikaa peke yangu saa nzima. Ya pili pia, huku watu wakipita na kuchungulia. Ya tatu akaja mama mmoja kutoka Mwanda, amejifunika leso mpaka machoni. Wiki jana tulikuwa watano, na leso yake ilikuwa mabegani.

Liko jambo jingine, nalo ni zito. Desemba tutamfanyia Derrick ibada ya ukumbusho, mwaka wa tano. Tulimzika mdogo wetu tukitangaza kwamba ni homa ya mapafu. Wewe ndiye uliyeandika maneno yale, na mimi ndiye niliyeyasoma, tena nilikunywa kwanza ndipo nikaweza kuyasoma. Safari hii nitasimama niseme kwamba ni pombe iliyomuua. Ukija, utanisikia. Usipokuja, utasimuliwa.

Nilimwambia Mama kwanza, maana ni mwanawe. Alichambua mboga zilezile mara mbili. Kisha akasema, "Nitasimama nawe. Nimechoka kuulizwa kama mapafu ni ugonjwa wa ukoo wetu."

Wasalimie sana wifi na Shanice. Shangazi Peris anakusalimu wewe, ingawa mimi hanisalimii siku hizi. Mungu awafunike huko kwenye baridi, na akuletee amani hata kama leo umenikasirikia.

Dada yako akupendaye, na asiyeona haya,

Wakio