Ngozi Uliyompelekea Baba Mkwe Wako

Tlawi, Mbulu
Jumapili jioni

Dada yangu Kornelia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Abel na watoto, na kwamba mvua ya huko Dirma imewakumbuka kuliko ilivyotukumbuka sisi. Hapa kwetu mahindi yamekuwa ya njano kabla ya kubeba. Marieta anakusalimu sana. Mtoto wetu ameanza kutembea na anaangusha kila kitu humu ndani, na mama yake anasema amerithi mikono yangu.

Usishangae nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yenu husikilizwa na nyumba nzima, na haya nataka uyasome peke yako, ukiwa umekaa. Nimempa barua fundi Gidion anayekuja kuezeka darasa huko kwenu. Hajui kilichomo.

Nianze na hali ya Baba. Mionzi amemaliza, na kidogo ilimsaidia. Uji mwepesi ulikuwa unapita, na siku moja alimeza ndizi iliyopondwa, Marieta akatoka nje kulia kwa furaha. Lakini daktari alituambia saratani ya umio haimalizwi na mionzi peke yake, lazima zifuate dripu za dawa, na ya kwanza si kesho, ni Jumatatu inayofuata. Alisisitiza tusichelewe. Kuhusu gharama sina haja ya kukusimulia, maana unajua kila kilichotoka katika nyumba hii. Mbuzi walikwenda, ng'ombe wetu walikwenda, vitunguu saumu viliuzwa vikiwa bado shambani. Kanisani walituchangia mpaka nikaona haya kukaa benchi za mbele. Kadi ya bima tuliyokata kijijini haikufika huko tulikopelekwa.

Zizini akabaki ng'ombe mmoja tu, yule mwekundu mwenye baka jeupe usoni, ambaye baba mkwe wako Mzee Alfredi alimwekesha kwa Baba hata kabla hujaolewa. Unakumbuka Baba alivyokuwa akituonya tukiwa watoto. Maziwa ni yetu, samadi ni yetu, lakini ng'ombe na ndama wake ni wa mwenyewe, na siku akifa, mwenye kufuga hupeleka ngozi ili mwenyewe ajue kwamba mali yake haikuliwa kwa ujanja. Baba amefuga ng'ombe wa watu maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumuuliza mara mbili.

Ulipokuja kumwona Baba kabla hatujaenda naye hospitali, nilikwambia yule ng'ombe amekufa kwa kuvimba tumbo, nikakupa ngozi umpelekee Mzee Alfredi. Ulirudi na habari kwamba mzee hata hakuikunjua. Hakuangalia alama ya masikio wala baka. Alisema ngozi iliyotoka kwa rafiki yake Tluway haikaguliwi, akaiweka ndani. Halafu, kwa kuona mgonjwa atakosa maziwa, akatuletea mtamba wake mwenye mimba. Siku mtamba huyo alipofika nilishindwa kula, na Marieta akadhani nimeanza kuumwa koo kama Baba.

Wiki iliyopita Baba alinifanya nimsimamishe akatembee mpaka zizini. Akauliza yule mwekundu alikufaje, maana wakati ule alikuwa hoi hata asiweze kuuliza. Nikamweleza tumbo lilivimba. Akauliza nani alimchuna, nikasema mimi. Akaniambia nimrudishe ndani. Nikadhani yamekwisha, maana kuzungumza kunamchosha. Kumbe jioni Mama Lucia wa jirani alipokuja kumjulia hali, Baba alimshukuru kwa kununua nyama ya ng'ombe wetu na kutupunguzia hasara. Mama Lucia akashangaa. Akasema hakuna nyama aliyonunua, na wala hakusikia ng'ombe amekufa kwetu.

Dada, ndugu yako ni mjinga. Nilifikiria ngozi, nilifikiria rangi, nilifikiria hata siku ya kukupa ili usipate muda wa kuuliza. Sikufikiria nyama. Tangu lini ng'ombe akafa Tlawi na majirani wasile?

Mama Lucia alipoondoka Baba aliniita. Hakunifokea, na heri angenifokea. Nikamwambia ukweli, na sasa nakwambia na wewe. Yule ng'ombe hakufa. Nilimswaga alfajiri mpaka mnada wa Dongobesh nikamuuza kwa mfanyabiashara nisiyemjua, na fedha hizo ndizo zilizolipia mionzi ya Baba. Ngozi niliipata bucha ya mjini. Niliitafuta inayofanana, na baka lake lipo, ila liko upande usio wake. Laiti mzee angeikunjua, angejua palepale, na wewe ungekuwa umesimama mbele yake. Nilikutuma na uongo ndani ya nyumba ulikoolewa, na ukaubeba ukiniombea. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Sikufichi pia lililobaki. Mtamba huyu nilishamtafutia mnunuzi, kwa ajili ya dripu. Naogopa sana Baba kufa, Kornelia. Usiku nasikia anavyohangaika kumeza mate yake mwenyewe, na wakati ule sina dini wala aibu, ningeuza hata ng'ombe wa askofu.

Lakini Baba amefunga mdomo. Tangu Alhamisi hajapokea uji wala dawa ya maumivu. Anasema amekaa hospitali akimeza mali ya rafiki yake bila kujua, na sasa akijua hawezi kumeza tena. Anataka Mzee Alfredi aambiwe, mtamba arudi, ndipo azungumze habari ya dripu. Nimempigia magoti. Marieta amempigia magoti na mtoto mgongoni. Anageukia ukutani.

Kwa hiyo dada, nakuomba jambo ambalo halina haki. Ukimaliza kusoma, mpelekee baba mkwe wako barua hii umsomee yote, usiruke kitu. Mwambie hukujua. Jumatano nitafika huko nikimswaga mtamba, na kesi yake nitaibeba mimi, hata akitaka shamba langu la kando ya mto. Kama hataki kuniona, mtume mtu anisimamishe njiani, mtamba achukuliwe nami nigeuke. Kama shemeji Abel atakwambia urudi kwenu kwa sababu yangu, njoo na watoto, nitakulisha kwa mikono hii hii iliyokuharibia.

Ila nakusihi uwahi. Baba haniulizi tena kama atapona, wala Jumatatu tutakwenda kwa fedha gani. Kila gari likisimama barabarani ananyanyua kichwa na kuniuliza kama Alfredi ameshajua.

Wabusu watoto kwa niaba ya babu yao. Msalimie shemeji Abel, na Mzee Alfredi mpe shikamoo yangu, kama bado ataipokea.

Mdogo wako,
Renatus Tluway