Mafuta ya Samaki Kwenye Injini ya Boti

Mjukuu wangu Keji,

Huku New Site, hapa Juba, tu wazima. Haboba, bibi yako, anakusalimu, goti lake limetulia kidogo. Unauliza kama jenereta yako huko Kampala itakubali mafuta yaliyokwisha kutumiwa kukaangia. Umemuuliza bingwa! Mto huu hauna injini ya dizeli isiyonijua, ingawa moja imenichanganya mpaka leo.

Nilikuwa namleta haboba Juba kwa boti, uchungu wa kumzaa mama yako umemshika, dizeli ikaisha. Maji yakatusukuma mpaka ukingoni kwa mama mmoja mkaanga samaki. Akaepua karai lake, akachuja mafuta yote kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Chukua, bwana. Samaki watangoja, mtoto hangoji."

Injini ikanguruma, ikinuka chakula cha mchana, na mama yako akazaliwa hospitalini.

Kesho yake nikaitilia mafuta yaliyobaki, injini ikiwa baridi. Wallahi, ikakataa kabisa! Labda huyapenda ikishapata moto. Labda. Wewe uliyesoma, washa kwa dizeli kwanza, kisha ujaribu. Mimi bado sijui kama siku ile injini iliyakubali mafuta, au ilimwogopa yule mama wa samaki.

Nakukumbatia kwa mikono yenye grisi,
Babu yako