Taa Nyekundu ya Pikapu ya Mzee Masanja

Ilomba, Mbeya
Mwezi wa Juni

Dada yangu Veronika,

Kamwene, na shikamoo juu yake, usije ukasema mji umenisahaulisha adabu. Kifua cha mama kimetulia? Na huyo mumeo, bado anakoroma mpaka kuku wanaamka? Mimi mzima. Baridi ya huku inauma kuliko ya Iringa, ila nimenunua koti, na nikilivaa watu wananipisha njia.

Uliniuliza kama kweli nimekuwa fundi au nadanganya. Swali baya, lakini nitakujibu. Injini naifungua na kuifunga mwenyewe. Kilichobaki ni mtihani wa ufundi wa serikali, na huo huufanyi mpaka fundi mkuu wa gereji yetu, Mzee Mwakalinga, apeleke jina lako. Aliniambia, "Funga injini moja peke yako. Ikitoka hapa bila kasoro, jina lako nalipeleka." Injini yenyewe ikawa ya pikapu ya Mzee Masanja.

Huyu ni mfugaji aliyehama na ng'ombe wake kutoka Usukumani akakaa Rujewa. Mrefu, maneno machache, kofia haivuliwi. Siku tatu nzima alikaa juu ya tairi bovu akinitazama kama anayechagua dume mnadani. Nikafunga injini, nikazungusha ufunguo, ikanguruma. Nikamwambia Osia, fundi mwenzangu, "Sikiliza hiyo. Za kwako huwa zinakohoa."

Injini ilipopata moto, taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye dashibodi.

Dada, taa yenyewe ni ndogo kama punje ya hindi. Lakini ikiwaka maana yake oili haifiki vizuri kwenye vyuma, na vyuma vikikauka vinasagana, injini inakufa. Nikapima oili, imejaa. Nikakanyaga mafuta, taa ikazima. Nikaachia, ikarudi. Injini ikiwa baridi, taa haiwaki kabisa. Siku hiyo hata chakula cha mchana sikula. Nilitaka kujua hiyo taa inajuaje mambo ya ndani na sisi tulio nje hatujui.

Osia akasema, "Chomoa balbu. Taa izime, mzee aende zake, na jina lako liende."

"Na injini?"

"Ikifa itafia Igawa huko njiani. Sisi tuko Igawa?"

Sikufichi, nilishika bisibisi. Kumbe Mzee Masanja amesikia yote. Hakugomba. Alisema tu, "Kijana, ng'ombe wangu akikohoa simzibi mdomo." Nikairudisha bisibisi mfukoni, na Osia akawa anatafuta spana ambayo haikupotea.

Basi nikaufuata waya wa ile taa kama mtu anayefuata kamba ajue mbuzi yuko wapi. Umeishia kwenye swichi ndogo ubavuni mwa injini. Nikauchomoa, taa ikazima, nikajua waya haugusi chuma mahali pengine. Nikaazima swichi ya gari jingine, nikaifunga, taa ileile. Kwa hiyo hata swichi haisemi uongo. Nikaitoa kabisa swichi, Osia akawasha injini. Pale kwenye tundu oili ilitakiwa iruke mpaka ukutani. Ilitoka kama mwanao mdogo anavyokojoa usingizini.

Oili ipo, pampu nikaikagua ni nzima, basi kuna kitu kimekaa njiani. Nikafungua pale filta inapokaa.

Unajua spea siku hizi hazipatikani. Gasketi, yaani yale makaratasi yanayokaa kati ya chuma na chuma ili oili isivuje, tunakata wenyewe kwa boksi la sabuni. Unaliweka juu ya chuma, unagonga kingo polepole kwa nyundo mpaka linajikata, na kila tundu la chuma unalitoboa kwenye karatasi. Kwenye hii ya filta, tundu la njia ya oili, ambalo kidole changu cha mwisho kinaingia, lilikuwa limetobolewa kwa msumari likaachwa hivyohivyo. Oili ilikuwa inapita kwenye tundu la sindano.

Shida yangu unaijua, nikigundua kitu siwezi kunyamaza. Nikakimbia nayo kwa Mzee Mwakalinga. "Mzee, nimeipata. Waya mzima, swichi nzima, pampu nzima. Mchawi ni huyu hapa."

Akaiinua kwenye mwanga. "Kweli umeipata. Nani kaikata?"

Hapo ndipo akili iliponirudia. Niliikata mimi, nikisema tundu nitalipanua baadaye, huku namsimulia Osia habari za msichana mmoja wa hapa Ilomba.

"Mimi, mzee."

Akanirudishia karatasi. "Kata nyingine," akasema. "Jina lako mwaka huu basi."

Nikakata nyingine, na tundu nikalipima kwa kidole mara nne. Injini ikapata moto, taa haikuwaka. Mzee Masanja alizunguka gari, akaniangalia, akaondoka. Sikulala vizuri, dada, maana najua ulivyonisifia huko.

Juzi likaingia lori la mpunga kutoka Rujewa, taa nyekundu inawaka. Mzee Mwakalinga akajifuta mikono, akamwendea dereva.

"Shikamoo, mzee," dereva akasema. "Mimi nimeelekezwa na mzee mmoja wa kofia, kwa yule kijana anayeihoji taa."

Mzee akasimama palepale na tambara lake mkononi. Kisha akaniita. Nilipofanya kazi alikuwa kando, hakugusa kitu. Safari hii ilikuwa swichi tu. Lori lilipotoka akanijia na kalamu sikioni, akaniuliza jina la baba yetu linaandikwaje. Sikumuuliza ni la nini. Nilimtajia herufi mojamoja, polepole, nikihakikisha anaandika.

Mwambie mama asitangaze kwanza. Najua atatangaza. Msalimie mjomba anayefuga nyuki, na shangazi aliyesema nitaishia kuchunga mbuzi. Huyo msalimie mara mbili. Shemeji mpe pole ya pua.

Ni mimi mdogo wako, ambaye mikono yake haitakati hata kwa majivu,

Filemoni