Tuna Kaka Mmoja Tu

Maisaka, Babati
10 Machi 2025

Shikamoo dada Romana,

Habari za Marekani na baridi yake? Unakula, au unashindia chai? Sisi wazima, ila mafua yamenikamata. Edda hajambo, anakula hadi anakwangua sufuria. Juzi kaka yetu Theodori kapiga simu kuuliza twisheni ya mwanawe huyu inaendeleaje. Nikamwambia hesabu zinamtoa jasho. Mungu anisamehe, twisheni yenyewe hakuna! Mama naye, kule Mutuka, anauliza mjukuu wake atarudi lini. Bado anataka akeketwe likizo ya Pasaka, na Theodori hajui kumkatalia Mama. Miaka kumi na tatu tu, dada! Pikipiki ikisimama nje, nadhani ni Theodori amekuja kumchukua.

Mdogo wako,
Lukresia

New York
13 Machi

Marahaba mdogo wangu,

Pole na mafua, chemsha tangawizi. Mimi nipo salama.

Lukresia, leo nimesema! Ukumbi umejaa wanawake wa makanisa ya dunia nzima, Fiji, Norwei, Kongo, na mimi na kitenge chetu cha Umoja wa Wanawake. Niliacha karatasi mezani nikaeleza habari za Edda. Tulia, jina sikulitaja. Nilisema tu ni binti wa kaka yangu, tumemficha kwa ndugu hapo Maisaka, na bibi yake hana haki ya kuugusa mwili wake. Watu wakasimama wakapiga makofi. Wala sikutetemeka! Klipu nimemtumia katibu wetu, akina mama nao wafurahi.

Dada yako,
Romana

Maisaka
15 Machi

Shikamoo dada. Leo salamu inaishia hapo.

Hivi wewe una kaka wangapi? Nijuavyo mimi tuna kaka mmoja tu, na nduguye anayekaa Maisaka ni mimi peke yangu. Klipu imetoka grupu la akina mama ikaingia la kwaya. Umesahau Theodori anaimba besi? Jana mazoezini wameiangalia wote. Kanipigia mara tano, sijapokea. Geti nimelifunga kwa kufuli. Edda naye kaiangalia mara tatu.

Nimekasirika, dada, na naogopa. Umewaambia watu wa dunia nzima, Mama hujamwambia.

Mdogo wako

New York
15 Machi

Mdogo wangu, kosa ni langu. Nilisikia makofi nikajisahau. Mpeleke Edda kwa mchungaji, au polisi, dawati la jinsia. Nimebadilisha tiketi. Nijibu tafadhali.

Dada yako

New York
16 Machi

Lukresia, uko wapi? Simu yako inaita tu. Theodori hapokei. Sijala tangu jana. Andika hata neno moja.

Dada yako

Maisaka
17 Machi

Shikamoo dada, pole kwa mawazo.

Edda yupo. Theodori alikuja jana baada ya ibada, akakuta akina mama wa grupu, kumi na sita, wamekaa uani wanachambua maharage. Hakuna aliyenyanyuka kumpisha. Akaondoka na simu yangu kwa hasira, kairudisha leo. Anasema kama wewe unaweza kusema hapana, uje uiseme kwa Mama mwenyewe. Usipofika Jumatano, anamchukua mwanawe. Edda akasikika dirishani, "Na mimi nataka shangazi aseme hivyo hivyo Mutuka."

Mdogo wako

Mutuka
19 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi nimechoka, lakini nimefika. Nimeshuka basi nikaja moja kwa moja kwa Mama. Leo nimetetemeka, Lukresia, hadi nikashika mlango. Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamwambia Edda hatakeketwa. Akauliza ni Wazungu walionipotosha? Nikasema, "Hapana, Mama. Wewe uliniumiza. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sijasahau."

Hakuwahi kulisikia hilo kwa mwanawe yeyote. Akaweka gunzi chini. Kisha akauliza, "Na Lukresia?"

Nikasema akuulize mwenyewe. Anasema wewe humfichi kitu. Ukimwambia uliumia, Edda hataguswa. Ukisema hukuumia, anarudi na Edda leo hii. Theodori amempakia Mama kwenye pikipiki, wameshaondoka kuja kwako.

Najua usivyopenda kumliza Mama. Fungua geti, mdogo wangu, na usimdanganye.

Dada yako,
Romana