Kilio Kilichosikika Misiera

Misiera, Nakivale
Jumatano

Kwa yaya yangu mpenzi, dada mkubwa Eliane,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini kifua hakikusumbui tena, na hao wanafunzi unaowapikia hostelini huko Mbarara wanakuachia nafasi ya kupumua. Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mama anakula, miguu haijavimba. Mahindi yameungua na jua, lakini maharage yametuonea huruma.

Ujumbe wako nimeupata, kwamba Jumamosi unakuja kumchukua Mama umpeleke kwa daktari. Tangu hapo sina usingizi. Sikupiga simu kwa sababu Mama habanduki karibu yangu, anasikia kila neno, na wewe nakujua, ungeanza kulia kabla sijafika katikati. Barua hii anakuletea Natanaeli, yule anayepeleka nyanya sokoni huko. Tafadhali isome ukiwa umeketi.

Unakumbuka Mama alivyoanza: chumvi juu ya chumvi ndani ya mboga ya sombe, na kuuliza kwa nini haturudi kwetu Uvira tulikokimbia. Tulicheka, tukasema ni uzee. Baadaye alianza kukutafuta wewe. Kila nilipomwambia uko Mbarara kazini, alifunga kitenge akatoka kukufuata, bila viatu. Siku moja nilimkuta kwenye njia ya Kabingo. Siku nyingine wavuvi walimrudisha kutoka ziwani, pale viboko wanapotoka kula majani. Alikuwa akiomba mtumbwi wa kwenda Uvira, eti wewe unamngoja ng'ambo. Yaya, niliogopa. Nikawa namfungia mlango ninapokwenda shamba, naye anaugonga mpaka sauti inamkauka. Kumfungia mama mzazi kama mbuzi! Mungu anisamehe.

Juzi juzi nilikwenda Kabingo kuuza maharage, nikamwacha na jirani yetu Marcienne, yule Mrundi. Huku nyuma Mama akaamka usingizini, akapiga ukelele kwamba Eliane amekufa. Nadhani ni kifo cha dada yetu marehemu Mariette, tuliyemzika Uvira, kilichomrudia kikiwa na jina lako. Lakini Marcienne angejuaje? Na kwetu kilio hakiulizwi maswali, kinakimbiliwa. Niliporudi nilikuta moto umewashwa uani, wanawake wamekaa chini, wamama wa kanisa wanaimba, unga na kuni vimekwisha kuletwa. Shemasi Ladislas alinishika mkono, akanipa pole, akauliza maiti inafika saa ngapi kutoka Mbarara na kama gari limepatikana. Nilikupigia pale pale. Ndiyo ile siku uliyonigombeza kwamba nimepiga halafu sisemi neno, nahema tu. Nilitaka kusikia sauti yako, basi.

Niliwaeleza watu kwamba u mzima. Wengine walicheka kwa aibu, wengine wakaanza kukusanya vitu vyao. Mama akasimama akawafokea: "Munaenda wapi? Mutoto wangu amekufa, njo munaniacha peke?"

Sasa nikuambie kinachonikaba. Mama aliushika uso wangu kwa mikono miwili, akanitaka nimwambie ukweli, Eliane amekufa au hakufa. Nami, yaya, nilisema amekufa. Kwa mdomo wangu huu. Nikaongeza kwamba tumemzika vizuri, mahali pazuri. Wale wamama wakaketi tena, Marcienne akasukuma kuni motoni, na hakuna aliyenikatalia. Tukakukalia matanga mpaka mwisho. Nililia kweli, sijui nilikuwa namlilia nani. Siku ya kuondoa matanga Mama alinyolewa nywele, akaoga, akala bugali, akalala. Tangu siku hiyo hajaenda ziwani. Mlango uko wazi mchana kutwa, naye anakaa uani akichambua maharage, mtulivu kuliko mimi.

Kwa hiyo nakuomba jambo ambalo mdogo hapaswi kumwomba mkubwa wake. Njoo Jumamosi, lakini ingia kama mgeni. Sema umetumwa na kanisa kumsindikiza hospitali. Usimwite Mama. Naogopa akikutambua atapiga kelele kwamba ameona mzimu, na akiamini u hai, kesho yake ataanza tena safari zake za ziwani, na safari hii wavuvi wanaweza kuchelewa. Atakupokea vizuri, wageni anawapenda. Akikusimulia habari za binti yake aliyekufa, msikilize mpaka amalize, umpe pole.

Ukinikasirikia una haki. Nimekuzika ukiwa hai ili nipate kufungua mlango. Lakini usiache kuja, nakusihi, maana peke yangu sitaweza. Jana jioni nilimpelekea uji, akaupokea kwa heshima zote, akanishukuru, kisha akaniuliza mama yangu ni nani, na kama bado yu hai. Nilimjibu kwamba yu hai. Akasema nikifika nyumbani nimsalimie sana, amezaa mtoto mzuri.

Wasalimie wapishi wenzako wote. Njia ikuletee salama.

Ni mimi mdogo wako anayekungoja,
Anne